John Silver alisema Kijapani na Kiarabu. Lini atasema Kiswahili cha Wasini?

Ipo riwaya moja ya kale ya mabaharia ambayo Wajapani waliiita Takarajima, Waarabu wakaiita Jazirat al-Kanz, nasi Waswahili tukaiita Kisiwa chenye Hazina. Mwandishi wake ni Mskoti Robert Louis Stevenson. Tafsiri yetu ilitoka mwaka wa 1929. Wajapani waliigeuza riwaya hiyo kuwa kipindi cha vibonzo cha runinga mwaka wa 1978, na Waarabu wakakitia kipindi hicho sauti zao baadaye. Kwa hesabu hiyo, msomaji wangu, sisi tuliitangulia runinga ya Japani kwa miaka 49.

Hata hivyo, mtu mzima wa leo wa Maskati, Kuwait au Dameski aliyekuwa mtoto katika miaka ya themanini anaweza kukuigia sauti ya haramia John Silver papo hapo, neno kwa neno, tena kwa Kiarabu fasaha. Nenda sasa Wasini, kisiwa halisi kilicho ng'ambo ya Shimoni katika kaunti ya Kwale. Muulize mtoto wa huko kama amewahi kumsikia Silver akisema Kiswahili. Hajamsikia. Mimi pia sijamsikia. Hoja yangu leo ni kwamba kutangulia kwetu hakukutufaa, kwa sababu tuliipa hadithi ile ukurasa wa darasani na wenzetu wakaipa sauti. Na hasara haikuishia kwa hadithi. Imeigusa lugha yenyewe, hasa lugha ya bahari.

Tuanze na chimbuko. Mwaka wa 1881, akiwa Braemar huko Uskoti, Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne. Ramani ikazaa hadithi. Hadithi ilitoka kwanza kwa sehemu katika jarida la vijana kati ya 1881 na 1882, kisha ikawa kitabu mwaka wa 1883. Kijana Jim Hawkins anapata ramani ndani ya kasha la baharia mlevi aliyekuja kufia katika nyumba yao ya wageni. Anaabiri merikebu iitwayo Hispaniola pamoja na Daktari Livesey, bwana mkubwa Trelawney na Kapteni Smollett. Mpishi wa chombo ni John Silver, mtu wa mguu mmoja, mcheshi, mkarimu, mwenye maneno matamu. Kumbe ndiye kiongozi wa maharamia walioajiriwa wakidhaniwa kuwa mabaharia wema.

Wengi hudhani hadithi hii ni ya bahari za mbali tu. La. Silver ana kasuku, na anamweleza Jim kuwa kasuku huyo amesafiri na haramia mkubwa Kapteni England, amefika Madagaska, amefika Malabari. Edward England hakubuniwa na Stevenson. Alikuwa haramia wa kweli, na mwaka wa 1720 alipigana na merikebu ya Kiingereza iitwayo Cassandra huko Nzuwani, katika visiwa vya Ngazija. Na Malabari je? Huko ndiko kulikotoka misaji, miti iliyochanwa mbao za kuundia vyombo katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kasuku wa Silver alipita katika maji yetu. Mabaharia wa pwani hii walikuwa wakisafiri kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya Stevenson kuishika kalamu. Hadithi ilipoletwa kwetu, ilikuwa na nusu ya ujamaa nasi tayari.

Ililetwa na nani? Na Frederick Johnson, ambaye mwaka huo huo wa 1929 alitoa pia Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard. Baadaye akatoa Safari za Gulliver. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930 kwa lengo la kusanifisha Kiswahili. Kamusi maarufu ya Kiswahili na Kiingereza ya 1939 ilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi yake, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Simlaumu Johnson, wala sina haja ya kumlaumu. Tafsiri hizo ziliwapa wasomaji wetu kitu kipya, yaani masimulizi marefu ya nathari, katika lugha iliyokuwa na utajiri mkubwa wa ushairi. Wahakiki wameona alama za Safari za Gulliver katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Wazee wetu wengi waliopita shule za wakati ule walianza kusoma kwa raha kupitia vitabu hivi.

Lakini tukumbuke vilikuja wakati gani na kwa kazi gani. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ubishi mkubwa ulikuwa baina ya Kiunguja na Kimvita. Lahaja ndogo kama Kivumba cha Wasini na Vanga, au Chichifundi cha majirani zao, hazikuwa na mtetezi katika ubishi huo. Vitabu vya hadithi vikawa chombo cha kusambaza lugha iliyochaguliwa. Mwanafunzi alisoma ili afahamu, aulizwe maswali, apewe alama. Silver akaingia darasani akiwa amevuliwa gongo lake, akawa zoezi la ufahamu.

Sasa tuivuke bahari hadi Japani. Kuanzia Oktoba 1978 hadi Aprili 1979, runinga ya Nippon ilionyesha Takarajima kwa sehemu 26. Kipindi kilitengenezwa na kampuni ya Tokyo Movie Shinsha na kuongozwa na Osamu Dezaki. Dezaki alikuwa na mtindo wake. Tukio likifika kilele, picha inasimama ghafla na kugeuka kuwa kama mchoro wa rangi wa kutundikwa ukutani, ili mtazamaji apate muda wa kulikumbuka. Alimwongezea Jim mtoto wa chui wa kumfuga. Alimkuza baharia Gray, ambaye kitabuni ni mtu mdogo tu, akawa mtu wa kukumbukwa.

Kubwa zaidi ni alichomfanyia Silver. Katika riwaya, Silver anatoroka bandarini na mfuko wa sarafu, na msimulizi anasema hawakupata tena habari zake. Dezaki hakuridhika na mwisho huo. Alimfanya Silver awe mtu ambaye mvulana asiye na baba anamtazama na kujiuliza, je, uanaume ni huu? Anamwogopa, anamchukia kwa usaliti wake, na bado anampenda. Katika sehemu ya mwisho Jim, ambaye sasa ni kijana baharia, anakutana na Silver tena. Hilo halimo kitabuni. Wajapani hawakuitafsiri hadithi kwa maneno tu, waliiuliza swali lao wenyewe. Hata sauti walizichagua kwa makini: Jim alisemewa na mwigizaji wa kike, Mari Shimizu, na Silver akasemewa na Genzo Wakayama.

Kipindi hicho kikasafiri hadi Beirut, kikatiwa sauti za Kiarabu na kuonyeshwa katika runinga za nchi za Kiarabu. Aliyemsemea Silver ni Wahid Jalal, na hapo ndipo muujiza ulipotokea. Sauti nzito, inayocheka na kutisha kwa pumzi moja. Na lugha? Fusha, Kiarabu cha vitabuni, ambacho hakuna mtoto anayekizungumza jikoni kwa mamake.

Mimi niliiona kwa mara ya kwanza kwa Kiarabu hicho, sebuleni kwa jamaa zangu waliohamia Maskati kutoka Unguja. Watoto wa nyumba ile walisema Kiswahili na bibi yao, Kiarabu cha mtaani na wenzao, na Kiingereza kidogo cha shule. Nilipojaribu kumsalimu mmoja wao akanikata: "Mjomba, ngoja kwanza, Silver azungumza!" Kipindi kilipokwisha wakaanza kuigiza, mmoja kwa mguu mmoja na fimbo ya ufagio, na maneno yaliyowatoka yalikuwa fusha safi yenye irabu zake zote za mwisho. Mwalimu wao wa sarufi angelia kwa furaha. Watu wa rika lao katika nchi za Kiarabu husema hadi leo kwamba fusha waliianza kuipenda kwa vibonzo kama hivi, kabla hawajaifunza kwa kitabu.

Funzo hapa ni la kiisimu. Lugha sanifu haipendwi kwa kuamriwa. Hupendwa inapotoka kinywani mwa mtu ambaye mtoto anataka kumwiga. Tuna mazoea ya kulalamika kwamba vijana hawakitaki Kiswahili sanifu, ati kigumu, ati cha mtihani. Je, tumewahi kuwapa haramia anayekisema?

Hebu sasa tutazame majina yenyewe, maana safu hii ni ya lugha na jina ni mlango. Takarajima ni neno moja lililoundwa kwa mawili: takara, yaani mali ya thamani, na shima, yaani kisiwa. Yanapoungana, sauti ya mwanzo ya neno la pili inabadilika, shima ikawa jima. Kiarabu kinayaweka maneno mawili bega kwa bega, kisiwa kisha hazina, na la kwanza likamilikishwa kwa la pili. Kiswahili kilikuwa na njia mbili. Johnson angeweza kusema "kisiwa cha hazina" kwa kutumia kiunganifu. Alichagua "chenye". Tofauti si ndogo. "Kisiwa cha hazina" kinataja aina, kama tunavyosema kisu cha mboga. "Kisiwa chenye hazina" kinatoa habari: mna kitu mle ndani, kimo, na hujakiona. Kwa jina la hadithi ya kusaka mali, uamuzi huo ulikuwa mzuri.

Neno "hazina" lakini limehama. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mali iliyowekwa ghalani. Kenya ya leo ukisema Hazina, msikilizaji anafikiria Hazina ya Kitaifa, bajeti na kodi. Mtoto anaweza kudhani kisiwa kile kina tawi la wizara! "Kanz" ya Waarabu nayo tunayo. Kamusi zetu zinalo neno "kanzi" lenye maana ya hazina, na wataalamu wa kompyuta wamelifufua katika "kanzidata". Tena tunalo neno la tatu, na kwa hadithi hii ndilo hasa: "dafina", yaani mali iliyozikwa ardhini. Hazina huhifadhiwa, kanzi hulimbikizwa, dafina hufukiwa. Ni watu wangapi wanaosoma gazeti hili wamelitumia neno "dafina" mwaka huu?

Swali hilo linatupeleka Wasini. Kisiwa chenyewe ni chembamba, cha mawe ya matumbawe, hakina gari wala mto. Maji ya kunywa kwa miaka yote yalitegemea mvua inayokingwa na kuhifadhiwa. Kuna vijiji viwili vikuu, Wasini upande mmoja na Mkwiro upande wa pili. Wenyeji wake ni Wavumba, ambao dola yao ya zamani ilikuwa Vumba Kuu, bara, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania. Mtawala wao aliitwa Diwani, na alama za enzi yake zilikuwa pamoja na siwa na ngoma. Kivumba chao kiko karibu na lahaja za kusini kama Kipemba na Kimtang'ata. Mtaalamu H. E. Lambert alichapisha kijitabu juu yake mwaka wa 1957 chini ya Kamati ya Kiswahili, kisha mwaka uliofuata akachapisha kingine juu ya Chichifundi. Ni zaidi ya miaka 60 sasa.

Nimeuvuka mkondo wa Shimoni mara nyingi na wanafunzi wangu, tukikusanya msamiati wa vyombo. Safari moja tulikaa barazani na mzee mvuvi aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi. Akaniuliza, "Mwalimu, chombo kikenda kinyume cha upepo, huko chuoni mwasemaje?"

"Twasema kinabisha, mzee wangu," nikamjibu.

"Hilo mwalijua. Na kamba mwazijua?"

Hakungoja nijibu. Akamwita mjukuu wake wa miaka minane au tisa, akamwonyesha mashua iliyokuwa imefungwa pale chini. "Mwanangu, mwambie mwalimu, ile inayopandisha foromali yaitwaje?"

"Kamba, babu."

"Na ile inayoshika pembe ya tanga huku nyuma?"

"Kamba."

"Na ile nyingine?"

"Kamba ingine, babu."

Tulicheka sote, na mzee naye alicheka, lakini hakucheka sana. Kamba ya kwanza ni henza. Ya pili ni demani. Ya tatu, inayopita kwenye kapi na kuivuta henza, ni jarari. Mtoto yule si mjinga hata kidogo. Baadaye alinieleza kwa kirefu habari za Luffy, haramia wa kofia ya majani makavu katika One Piece, vibonzo vya Kijapani vinavyoonyeshwa tangu 1999 na vilivyokwisha kupita sehemu 1000. Anavitazama katika simu ya kakake, akisoma Kiingereza kinachopita chini. Alijua chombo cha Luffy kina nini omo na kina nini tezi, ila hakuwa na maneno hayo mawili. Alisema "mbele" na "nyuma".

Hapo ndipo nilipouona upana wa jambo hili. Mtoto wa kisiwa, aliyezaliwa hatua chache kutoka majini, anaipenda bahari ya maharamia kwa lugha ya mbali, na bahari ya babu yake haina sauti. Si kwamba ameikataa. Hakuna aliyempa kwa njia ya kumvutia.

Atatokea mtu aseme: Profesa, henza na jarari zina faida gani siku hizi, ilhali vyombo vina mashine? Jibu langu liko katika kurasa za gazeti lako mwenyewe. Fungua ukurasa wa spoti: nahodha wa timu, timu iliyoshika usukani wa ligi, kocha ambaye mambo yamemwendea mrama. Fungua ukurasa wa siasa: wimbi la mageuzi, chama kinachozama, muungano uliotia nanga. Muulize kijana wa Nairobi habari zake, atakuambia mambo ni shwari. Mrama ni kuyumba kwa chombo majini, na shwari ni bahari iliyotulia. Kiswahili kizima kinatembea kwa maneno ya mabaharia hata mahali ambapo bahari haionekani. Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanapojikusanya. Asiyejua omo, tezi wala ngama atakariri methali hiyo kama kasuku wa Silver, bila kujua ilikotoka.

Basi tufanyeje? Napendekeza jambo dogo na la kutendeka: hadithi ya Stevenson itiwe sauti kwa Kiswahili, na Wavumba wawe meza moja na watafsiri.

Sisemi ndoto. Mwaka wa 2011 Shirika la Utangazaji la Tanzania, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu kijana Doudou na mama wakwe zake, ikisema Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na watu wakaipenda. Azam TV imewazoesha watazamaji tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili. Tangu 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa ikiwafunza watoto hisabati na sayansi kwa vibonzo vya Kiswahili. Sehemu 26 za Takarajima zikiunganishwa hazizidi sana saa 10. Najua haki za kipindi cha Kijapani zina bei yake. Riwaya yenyewe, lakini, ni mali ya umma kwa kuwa Stevenson alifariki mwaka wa 1894. Redio ya kaunti inaweza kuanza kesho kwa mchezo wa sauti, pasipo kulipia picha hata moja.

Swali gumu ni hili: Silver aseme Kiswahili kipi? Wako watakaotaka sanifu tupu, ili kipindi kieleweke toka Lamu hadi Bukavu. Wako watakaotaka Sheng, ati ndiyo lugha ya vijana. Wako watakaosema ikiwa ni Wasini basi iwe Kivumba chote. Turudi kwa mwandishi mwenyewe. Stevenson hakutumia Kiingereza kimoja. Daktari Livesey anasema Kiingereza cha msomi, Silver na wenzake wanasema Kiingereza cha baharini, chenye sarufi yake na matusi yake. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha Jim kujua yu mbele ya nani. Ukiwasemesha wote lugha moja, umeua nusu ya hadithi. Waarabu waliwasemesha wote fusha na wakaokolewa na koo la Wahid Jalal. Sisi tunaweza kufanya vyema zaidi kuliko hapo.

Msimulizi na daktari waseme sanifu. Silver na mabaharia waseme kama watu wa chombo: henza, demani, jarari, joshi, farumi, pamoja na lafudhi na vitenzi vya Kivumba pale mtazamaji anapoweza kuvifuata kwa vitendo anavyoviona. Mtoto wa Kakamega hatapotea. Akiona tanga linapanda huku Silver akifoka juu ya henza, amekwisha kuielewa henza bila kamusi. Mtoto wa Wasini naye atasikia, pengine kwa mara ya kwanza runingani, mtu shujaa na wa kutisha akisema kama babu yake. Yule mzee wa barazani akiitwa studio kuwasahihisha waigizaji, mjukuu ataona kwamba elimu ya babu ina bei.

Watakaopinga watasema lahaja zitavuruga usanifu. Mimi ni mwalimu wa sanifu na nimeitetea maisha yangu yote ya kazi. Sanifu ilijengwa kwa kuchota, na ikiacha kuchota itakauka. Kosa la miaka ya 1928 na 1929 halikuwa kuchagua lahaja moja, kwani lugha ya shule ilihitaji msingi. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba baada ya kuchagua, zile nyingine hazina tena la kutupa.

Katika riwaya kuna jambo moja ambalo kila msomaji hulikumbuka. Maharamia wanaifuata ramani ya kweli, iliyochorwa na mwenye mali mwenyewe, wanafika mahali penyewe, na wanakuta shimo tupu. Ben Gunn, mtu aliyeachwa peke yake kisiwani miaka mitatu, alikwisha kuifukua dafina na kuibeba mgongoni hadi pangoni kwake. Ramani haikuwa na kosa. Waliifuata wakiwa wamechelewa.

Tunazo ramani zetu. Tunayo kamusi ya 1939, tunacho kijitabu cha Lambert cha 1957, tunazo kanda ambazo wanafunzi wangu na wengine wamerekodi. Zote zinaonyesha mahali palipo na maneno. Lakini maneno yenyewe yamo vinywani mwa wazee wachache wa Wasini, Mkwiro na Vanga, na kila kaskazi inapopita wanapungua. Wakuu wa vituo vya redio na runinga, idara za Kiswahili za vyuo vikuu, na serikali ya kaunti ya Kwale, natoa wito kwenu: nendeni mkawarekodi, kisha mkaitie sauti yao hadithi ambayo mtoto ataigombania. Fanyeni hivyo wakati ambapo bado yuko mtu wa kumjibu mjukuu kwamba ile si kamba tu, ile ni henza.